Walioshuka Tanga Wakapanda Usambara

Richard Burton na John Hanning Speke hawakuja Afrika Mashariki kuiona Usambara. Walifika Zanzibar Desemba 1856 wakitafuta njia ya kwenda kwenye maziwa ya bara, wakaambiwa wasubiri, kwa kuwa msimu haukuwa wa kuanzia safari ndefu. Mwezi uliofuata wakakodi bedeni iliyoitwa Riami, wakaambaa nayo pwani: Pemba, Mombasa, Tanga, Tongoni, Pangani. Chombo kinatia nanga, wao wanashuka, wanazunguka makaburi ya nguzo na misikiti iliyobomoka, wanaandika, wanapanda tena. Walipofika Pangani walikuwa bado na siku za kuchezea. Ndipo wakaamua kupanda milimani wakamwone mfalme wa Wasambaa, ambaye sifa zake walikuwa wakizisikia tangu bandari za nyuma.

Anayeijua biashara ya meli za kitalii katika Bahari ya Mediterania ataitambua safari hiyo mara moja. Meli inafunga gati Naples asubuhi, abiria wanapakiwa kwenye mabasi hadi Pompeii, wanaonyeshwa nguzo, wanapigwa jua, na kabla ya magharibi wamesharudi chumbani. Mji wa kale unaonwa kwa kipimo cha saa za meli. Kilicho karibu na gati kinakuwa historia, na kilicho mbali hakisikiki. Milima ya Usambara nayo ilipimwa kwa kipimo hicho kwa zaidi ya miaka mia moja, na ukitaka kujua kwa nini leo watu wanaijua Lushoto na hawaijui Vugha, sababu mojawapo ni hiyo.

Tuanze na Vugha basi. Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyekimbia kwao kwa sababu ya meno yake kuota ya juu kwanza, aliingia milimani na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama na kuamua mashauri, mpaka wenyeji wakamfanya mfalme. Ukoo wake, Wakilindi, ukaweka makao makuu Vugha, juu ya mgongo wa mlima, kusini mwa Usambara ya Magharibi. Kitukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala tangu karibu mwaka 1815. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao wafalme wengi wangeuonea wivu: aliwatawanya wanawe nchi nzima, kila mmoja akawa zumbe wa eneo lake, na ushuru ukapanda mlima kutoka pande zote. Himaya yake ilishuka hadi pwani. Katika vijiji vya mrima kati ya Pangani na Tanga, diwani alihitaji kukubaliwa na Sultani wa Zanzibar na vilevile na Kimweri.

Mzungu wa kwanza kufika kwake na kuandika alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la Kiingereza, aliyetoka Mombasa kwa miguu mwaka 1848. Mwaka 1852 alirudi, safari hii akipitia Pangani. Krapf alikuwa na shida yake, kutafuta mahali pa kujenga kituo cha dini, kwa hiyo aliuliza sana na kusikiliza sana. Kimweri alimpokea vizuri na kumkubalia. Kituo hakikujengwa, lakini maandishi yakabaki, na hayo ndiyo Burton aliyoyasoma kabla ya kupanda.

Burton na Speke walikwea mto Pangani hadi Chogwe, palipokuwa na ngome ndogo ya askari Wabaluchi wa Sultani. Hapo Speke alikutana na mtu ambaye huenda ndiye faida kubwa ya safari yote. Aliitwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa hadi India, akarudi Zanzibar akiwa huru na kuandikwa askari. Walizungumza Kihindi, lugha ambayo Speke aliipata jeshini. Bombay huyo ndiye baadaye aliyeongoza misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Wanajiografia wa London walimpa medali. Aliokotwa njiani, katika matembezi ya kupitisha msimu.

Walifika Vugha katikati ya Februari 1857, wamelowa mvua, na hawakuruhusiwa kuingia mjini. Wageni walilala nje. Nafikiri hapa ndipo penye uzito wa kisa chote, maana Burton alikuwa mtu aliyejigeuza hujaji akaingia Makka, na miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa ameingia Harar, mji uliofungwa kwa Wakristo. Vugha ilimwacha mlangoni. Mfalme alimpokea kibandani, moto unawaka, wazee wamekaa pembeni. Kimweri alikuwa mzee sana, amekonda, amelala kitandani, na haja yake kwa mgeni ilikuwa moja: dawa ya kumrudishia nguvu na ujana. Alisikia kwamba mganga wa Kizungu amekuja. Mganga hakuwa na dawa hiyo. Haikuchukua muda wageni wakashuka, wakapatwa na homa kali Pangani, na Machi walikuwa wamerudi Zanzibar. Burton aliandika kurasa nyingi kuhusu safari hiyo, nyingine za kejeli, na msomaji wa Ulaya akapata picha ya mfalme mgonjwa kwenye kilele chenye ukungu. Mabaraza ya hukumu, wake wa mfalme waliolima mashamba yake, wanawe waliosilimu na kujua kusoma, hayo ni ya Krapf zaidi kuliko ya Burton. Mgeni wa siku mbili huona kitanda.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na mlima ukaanza kupasuka. Mjukuu wake Shekulwavu alikalishwa Vugha, lakini ami yake, Semboja, alikuwa Mazinde, chini kabisa, kwenye tambarare ambako misafara ya pembe na watumwa ilipita ikifuata bonde la Pangani. Ushuru wa zamani ulipanda mlima, lakini bunduki zilikuwa zikipita bondeni. Semboja alizipata bunduki. Vita vikapigwa, Wabondei wakaasi utawala wa Wakilindi katika kile kinachoitwa Kiva, watu wakakamatwa na kuuzwa Pangani, na hatimaye Semboja akamweka mwanawe juu ya kiti cha Vugha. Mwenyewe hakupanda. Alibaki Mazinde, kwenye njia, na kila msafiri wa Kizungu aliyepita kwenda Kilimanjaro katika miaka ya 1880 alilazimika kumwona yeye kwanza.

Halafu ukaja utawala wa Wajerumani, na pamoja nao meli za moshi. Kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie iliundwa Hamburg mwaka 1890, serikali ya Ujerumani ikiipa ruzuku ya marki 900,000 kwa mwaka ili meli zake zifike Afrika Mashariki kwa ratiba, shehena iwepo isiwepo. Zilipita Mediterania, zikachukua abiria Naples, zikapenya mfereji wa Suez, zikagusa Aden, Mombasa, na kisha Tanga. Abiria walishajizoesha mwendo wa kushuka na kupanda: Pompeii wakiwa Naples, na wenye fedha hushuka Port Said wakapanda treni kwenda kuona Kairo na piramidi, kisha wakaikuta meli Suez. Waliofika Tanga hawakukuta gati. Meli ilisimama majini, abiria na mizigo vikateremshwa kwenye mashua na matishari, shughuli iliyoendelea hivyo kwa miaka zaidi ya mia moja.

Meli hizo zilibeba vitu ambavyo viliibadilisha milima kuliko abiria wowote. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliletewa miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo 62 tambarare yote ya Tanga hadi Mombo ikaja kugeuka mkonge. Upande wa pili, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen, Hermann Wendland, akaliandika rasmi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajui lilitoka wapi.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893. Ilifika Muheza 1896, kampuni ikafilisika, serikali ikaichukua 1899, ikafika Korogwe 1902, na mwanzoni mwa 1905 ikafika Mombo. Miaka 12 kwa kilomita 129: mjumbe wa Kimweri angekwenda na kurudi mara mia kadhaa. Lakini ilipofika Mombo, hesabu ya mgeni ilibadilika kabisa. Safari ambayo Burton aliifanya kwa siku kumi za matope na homa sasa ilikuwa ya kukaa kwenye behewa, kutazama mkonge na minazi ikipita, na kulala chini ya mlima.

Juu yake Wajerumani walikuwa wameshajijengea mji. Kituo chao cha kwanza kilikuwa Mazinde kwa Semboja. Semboja alikufa 1895, na mwaka huohuo wakamnyonga Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha, wakamweka Kinyashi wa tawi jingine la ukoo. Vugha yenyewe iliungua kwenye miaka hiyo na haikusimamishwa tena kwa ukubwa wake wa zamani. Makao ya wilaya hayakupelekwa huko. Yalipelekwa kaskazini zaidi, kwenye bonde lenye baridi na maji, mwinuko wa karibu mita 1,400, likaitwa Wilhelmstal kwa heshima ya Kaiser. Ndiyo Lushoto. Barabara ikachongwa kutoka Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, ikipita maporomoko ya Soni. Gari la leo linafuata mkondo huohuo, na abiria asiyezoea anashika kiti cha mbele kila korongo linapojitokeza upande wake.

Sababu ya kuchagua baridi ilikuwa na sura ya kitabibu. Robert Koch, bingwa wa bakteria, alikuwa Usambara mwishoni mwa miaka ya 1890 akichunguza malaria, na alieneza rai kwamba Usambara ya Magharibi ya juu haina ugonjwa huo. Kwa Mzungu wa pwani aliyekuwa akitetemeka kwa homa, maneno hayo yalikuwa tangazo la biashara kuliko bango lolote. Serikali ikajenga nyumba ya mapumziko Vugiri, watawa Watrapisti walishajenga Gare tangu 1897, wamisionari wa Bethel walikuwa Mlalo tangu 1891, na upande wa mashariki taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa 1902, ilipanda mimea ya dunia nzima kwenye miteremko yake. Mwenye siku kadhaa za nafasi kati ya meli na meli aliweza kuyaona mengi ya hayo. Alikuta mapaa ya vigae, kengele ya kanisa, mawaridi, viazi mviringo, siagi. Aliyetoka Hamburg wiki kadhaa nyuma alipanda mlima wa Afrika akajikuta amerudi nyumbani.

Ni nani aliyeyapalilia mawaridi? Wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha mwaka 1907 utaratibu wa kadi za kazi. Kila mwanamume alipewa kadi na kutakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Kila siku aliyofanya ilitiwa alama. Ambaye kadi yake haikujaa alichukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Fikiria mkulima wa Soni au Mlalo, mvua za vuli zimeanza, mahindi yanataka jembe, na kadi ina alama kumi na moja. Kadi ile haikuonyeshwa kwa wageni wa meli, ingawa kahawa waliyokunywa hotelini, barabara waliyopanda na mzigo uliobebwa mbele yao vyote vilikuwa vimepitia humo.

Msitu nao uliingia kwenye hesabu. Shume, juu kabisa, kulikuwa na mierezi mikubwa ambayo viwanda vya penseli vya Ujerumani viliitamani. Kuishusha kwa barabara haikuwezekana, kwa hiyo kampuni ya Wilkins & Wiese ikaleta mafundi wa Bleichert wa Leipzig, wakatandika waya juu ya magenge kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Magogo yakashuka yakining'inia hewani juu ya tambarare, kilomita karibu tisa, hadi kwenye mabehewa. Reli, tishari, meli, Hamburg. Mlima ulikuwa umefungwa kwa kamba moja na bandari.

Abiria mashuhuri zaidi wa laini hiyo hakushuka Tanga. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipanda meli Admiral Naples mwezi Aprili 1909 na kuishia Mombasa. Lakini Desemba 1913 Admiral hiyohiyo iliondoka Naples ikiwa na watu wawili waliokaa pamoja safarini na kuzoeana. Mmoja alikuwa binti wa Kidenmaki anayekwenda kuolewa Kenya, Karen Blixen. Mwingine alikuwa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda mpya wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, aliyeteremka Dar es Salaam Januari 1914.

Lettow hakukaa. Mwezi huohuo alipanda meli kwenda Tanga, kisha reli, kisha mlima. Kwa macho ya mtu wa kando ilikuwa ziara ya mgeni kama ziara nyingine: Usambara, halafu Kilimanjaro, halafu Meru. Milimani alimtembelea rafiki yake wa zamani wa chuo cha kijeshi, Tom von Prince, aliyekuwa ameacha jeshi na kufungua shamba. Prince ni yule aliyewapiga Wahehe wa Mkwawa, na watu walimpa jina la Sakarani. Shamba la watawa wa Kibenediktini linaloitwa Sakharani bado lipo karibu na Soni. Wawili hao walizungumza kuhusu walowezi wangapi wanaweza kushika bunduki. Mgeni huyu alikuwa akitazama stesheni, urefu wa reli na mahali pa kuweka askari, wakati wengine waliomtangulia walitazama mandhari.

Miezi kumi baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeshaanza, tarehe 2 Novemba 1914, meli nyingine zikatia nanga Tanga, na abiria wake walikuwa askari wapatao 8,000, wengi wao wa India, wakiongozwa na Waingereza. Lettow alishusha vikosi vyake kwa treni kutoka Moshi, ile reli iliyokuwa imefika huko mwaka 1911, akawasubiri. Kufikia tarehe 5 waliokuja wamerudi majini, wameacha bunduki, risasi na maiti nyingi. Prince aliuawa tarehe 4 katika mapigano ya mjini. Kati ya watu wote walioshuka Tanga kwa siku chache, hao ndio waliopata mapokezi mabaya kuliko wote, na bahati mbaya Waswahili wa Tanga na nyumba zao walikuwa katikati.

Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalifika Mombo na kupanda Wilhelmstal, yakawakuta hasa wanawake na watoto wa Kijerumani. Jina la Kaiser likafutwa, la Lushoto likashika. Waingereza nao hawakuiacha baridi. Gavana alikuwa na nyumba yake huko, na maofisa wa Dar es Salaam walipanda kupumzika joto likizidi. Walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, na laini ileile ya Hamburg ikarudisha meli pwani, mojawapo ikiitwa Usambara. Mlima ukawa jina ubavuni mwa meli.

Wakati huo Wasambaa walikuwa na mambo yao. Baada ya 1945 serikali ilileta mpango wa kulima matuta kuzuia mmomonyoko, kuanzia Mlalo, na wakulima wakaupinga kwa nguvu mpaka ukaachwa katika miaka ya 1950. Mgogoro ule ulizaa siasa ya TANU milimani, na ni hadithi ya peke yake.

Kuna kitu kimoja ambacho abiria wa meli za Kijerumani wangeweza kukipata kama wangeuliza. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi Mazinde kwa Semboja, aliandika kwa Kiswahili historia ya ukoo wa Mbegha tangu mwanzo: vita, ndoa, hila, mashauri ya Vugha yenyewe. Ndiyo Habari za Wakilindi. Wamisionari wa UMCA waliichapa kwa sehemu kwenye mtambo wao wa Magila, karibu na Muheza, kati ya 1895 na 1907. Treni iliyompeleka mgeni Mombo ilisimama Muheza, jirani kabisa na mtambo huo. Alikuwa na Burton mkobani, au kitabu cha Oscar Baumann cha 1891, na dirishani kwake kilikuwa kikichapwa kitabu cha mtu aliyekaa ndani ya boma. Tatizo lilikuwa kwamba kimeandikwa kwa Kiswahili na mgeni ana meli ya kuwahi.

Bandari ya Tanga imechimbwa na kuboreshwa miaka ya karibuni, meli zinafunga gati sasa. Meli kubwa za kitalii hupendelea Zanzibar na Mombasa. Anayekwenda Lushoto anatoka Dar es Salaam, Tanga au Arusha kwa basi, anashuka Mombo, ananunua plamu na mapeasi barabarani, anapanda kwa Noah au Coaster. Waongozaji wa utalii wa Lushoto watampeleka Irente kwenye ukingo wa mlima, msitu wa Magamba, kijiji cha Mtae, na nyumba za Wajerumani zilizobaki. Akitaka Vugha inabidi aitaje mwenyewe. Ashukie Soni, aulize gari la Vugha, na akifika asalimie wazee kwanza kabla ya kutoa simu. Makaburi ya Wakilindi yako huko, na mgeni bado haingii bila kuruhusiwa.